Mtani wa kweli haishii kwenye jeneza la utani

WIKI ya dabi ya Kariakoo ikikaribia, hata kwenye vijiwe vya Kifungilo, kule juu Lushoto, lugha inabadilika. Simba inazikwa. Yanga inachimbiwa kaburi. Kocha anaambiwa aandike wosia mapema. Huko mjini mashabiki wamewahi kwenda mbali zaidi, wakabeba hadi jeneza lenye rangi za mtani wao na kulizungusha. Watu wanacheka, maisha yanasonga.

Hakuna ubaya hapo. Soka bila utani ni chai bila sukari. Ubaya unaanza pale kifo cha kweli kinapoingia kwenye soka, halafu mashabiki walewale wenye maneno mengi wanakosa hata moja la maana.

Mei 6, 2012 Simba iliichapa Yanga 5-0, na utani wa mazishi ukatawala mji. Siku 11 baadaye, Mei 17, jeneza likawa la kweli. Kiungo wa Simba, Patrick Mafisango, alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam.

Desemba 4, 2016 ikawa zamu ya Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Kinda wa Mbao FC, Ismail Mrisho Khalfan, aliifungia timu yake bao dhidi ya Mwadui kwenye ligi ya vijana. Muda mfupi baadaye akaanguka, na siku hiyohiyo akafariki. Alikuwa na miaka 19.

Baada ya hapo huwa kunafuata nini? Dakika moja ya ukimya, vitambaa vyeusi mkononi, picha kwenye simu, basi. Anayetaka kuuliza zaidi anaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Hilo ni neno la kumfariji mfiwa. Halikuwekwa ili kufunga mdomo wa anayeuliza kama daktari alikuwepo.

Hapa ndipo mashabiki wanapokosea maana ya neno lao wenyewe. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi. Kwa wazee, mtani alikuwa na kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Alifika mapema, akashika jembe, akasaidia kuzika, akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea na kuongea, mpaka mfiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Aliruhusiwa kukejeli kifo kwa sababu alikuwa anabeba mzigo wake. Soka la Bongo limechukua kejeli, kazi limewaachia wafiwa.

Kazi hiyo inaanza kabla ya msiba. Chukua mechi ya kawaida ya vijana milimani, Jumapili jioni. Uwanja ni wa vumbi, hakuna gari la wagonjwa, na barabara za Usambara ni kona juu ya kona. Kijana akianguka pale bila kuguswa na mtu, akawa hajitambui wala hapumui kawaida, kumwagia maji na kumpepea hakutoshi. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi yake ya kupona. Anayetakiwa ni mtu wa kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati mwingine anatafuta usafiri.

Sasa kijiwe kijiulize: ni nani anayejua kufanya hivyo? Gari la nani litatumika, hata kama ni lile la kubebea kabichi? Na yule winga anayelalamika kizunguzungu kila mechi, anaambiwa akapime au anaambiwa akaze asipoteze namba? Je, kwao kuna kijana aliyewahi kufa ghafla? Maswali haya yanahusu kifo, lakini faida yake wanaipata walio hai.

Wapo watakaosema huo ni uchuro, kwamba ukikitaja kifo unakiita. Wamuulize Christian Eriksen. Juni 12, 2021 alianguka mjini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland. Mwenyewe alikuja kusema kwamba alikuwa amekufa kwa dakika tano. Waliomzunguka walijua la kufanya, na mashine ya kushtua moyo ilikuwepo. Juni 16, 2024 aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia kwenye Euro, akiwa na kifaa cha kulinda moyo kifuani.

Au wamuulize Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 17, 2012 alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham, na moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Hakucheza tena. Lakini yupo, anaongea, anawaona wanawe wakikua. Soka lilimpoteza mchezaji, familia haikumpoteza baba.

Kwa hiyo jeneza la utani liendelee kubebwa, na Yanga na Simba wazikane kila msimu. Ila wanaolibeba wajifunze pia kukandamiza kifua, wapite na kofia kuchangia vipimo vya vijana wa timu ya mtaa, na siku msiba ukimfika mtani, wawe wa kwanza kufika na jembe. Asiyeweza hayo hajawa mtani bado. Huyo ni mpiga kelele tu.