Nani Anampima Mwalimu Mkuu?

Taarifa za shule za msingi mkoani kwetu zinahesabu madawati, matundu ya vyoo na ufaulu wa darasa la saba. Afya ya mwalimu mkuu haina safu yake. Toleo hili tumempa yeye.

Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ulikuwa uamuzi mzuri, nami bado nausimamia. Lakini shule ya msingi ya kawaida haina mhasibu, karani wala mtunza stoo. Kazi hizo zimemwangukia mtu mmoja, ambaye pia ni katibu wa kamati ya shule na, huku milimani Uluguru, mara nyingi ana vipindi vya kufundisha. Darasa likijengwa kwa mafundi wa kijijini badala ya mkandarasi, ni yeye anayeulizia bei, anayepokea saruji, na anayejieleza kwa mkaguzi mifuko ikipungua. Hofu hiyo ya kukosea fedha za umma hulala nayo.

Wapo wasemao posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, ndiyo fidia ya mzigo huo. Tupige hesabu. Katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni. Shule ya watoto 300 hubaki na 150,000 kwa mwezi za chaki, mitihani na ukarabati. Pengo linazibwa na nani? Posho inaishia kwenye karatasi na bodaboda.

Na bodaboda si jambo dogo Uluguru. Masika yakikata barabara ya kupanda Mgeta au Kibungo Juu, agizo la "taarifa ifike leo" maana yake ni kushuka kwa miguu kwenye utelezi. Mtu huyo hukatwa bima ya afya kila mwezi, lakini kwenda kumwona daktari mjini ni kuiacha shule siku nzima, pengine mbili. Basi kichwa kinachouma humezewa panadol, na presha hujulikana siku anapoanguka.

Australia wamekuwa wakiwauliza wakuu wa shule kuhusu afya zao kila mwaka tangu 2011. Sisi tunaweza kuanza na dogo zaidi. Walimu wakuu huitwa vikaoni halmashauri mara kwa mara. Siku hiyo akae muuguzi mlangoni na mashine ya presha na kipimo cha sukari, na majibu yabaki siri ya mpimwaji. Kisha kila kata ipate mhasibu mmoja wa kuzihudumia shule zake zote. La kwanza Morogoro na Mvomero wanaweza kulifanya kikao kijacho. La pili linahitaji kibali cha Dodoma, na tunaliomba hapa waziwazi.