Resori ngumu haiongezi nguvu ya motokari



Jumapili moja jioni tulipokea hapa dispanseri mwenzetu mmoja, vidole viwili vimepondwa. Hakuumia shimoni wala kwenye mashini ya kazi. Alikuwa nyumbani kwake, anaongeza lama katika resori za nyuma za pikapu yake ili ibebe magunia mengi zaidi ya makala. Aliondoa buloni ya katikati bila kubana lama kwanza kwa kleme ya chuma. Lama zikafyatuka.

Mimi ni msaidizi wa munganga, si fundi wa motokari. Lakini vidonda vya kazi hii vinafika mezani kwangu, na mambo ya vyuma nimeyauliza kwa mafundi wa garaji. Maoni yangu ni haya: mwenye kuongeza lama ovyo anaficha uzito, haupunguzi.

Ukitia lama nyingi, nyuma ya motokari haishuki tena, nawe unafikiri mzigo umekuwa mwepesi. Mzigo ni ule ule. Ponti, pine, freni na shasi havikupata nguvu mpya. Tena pikapu nyingi, kama Toyota Hilux nyingi za zamani, zina kifaa kati ya shasi na ponti. Kinapima namna nyuma inavyoshuka, ndipo kinagawa nguvu ya freni za nyuma. Resori ikikataa kushuka, kifaa kinaona motokari kama tupu na kupunguza freni hizo, saa ile ile umepakia magunia na watu juu yake.

Na siku motokari iko tupu kweli, inarukaruka barabarani. Pine inaacha udongo, na kiuno cha shofere kinapokea kila pigo. Wengi wanaokuja kuomba dawa ya mgongo wangeanza kwa kutazama resori zao.

Basi, tuchague namna gani? Soma kibati cha kiwanda: kinaonyesha uzito usiopaswa kupitwa, motokari, watu na mizigo pamoja. Resori iliyochoka ibadilishwe kwa ya aina ile ile, kulia na kushoto pamoja. Ukitia ya aina nyingine, fundi arekebishe kile kifaa cha freni. Lama iliyovunjika usiitie sudiri: moto unaharibu chuma cha resori, nacho kinavunjika tena kando ya sudiri. Wala usiweke kipande cha mti kati ya resori na ponti.

Wakati wa kufunga:
– Simamisha motokari mahali pa sawa, zuia magurudumu ya mbele.
– Kriki ni ya kuinua tu. Shasi ikae juu ya miguu ya chuma, si matofali wala mawe. Usiingie chini kabla ya hapo.
– Bana lama kwa kleme kabla ya kugusa buloni ya katikati.
– Buloni zilizopindwa kama herufi U ziwe mpya. Zilizokwisha kuvutwa mara moja hazishiki vizuri.
– Kaza mara ya mwisho magurudumu yakiwa chini, kisha kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Najua utanijibu: esansi ni ghali, safari moja ni faida. Ni kweli. Lakini fanya hesabu yote: vidole viwili, majuma bila kazi, watoto wanaokungojea.

Na wewe mama, unapotaka kupanda juu ya magunia na mtoto mgongoni, usione haya kumwuliza shofere: resori hizi alizifunga nani, na freni zilipimwa lini? Akikosa jibu, usipande.

Magunia yakiwa mengi, tufanye safari mbili.