Biashara ya Intaneti Nayo Ifunzwe Darasani

Mwaka jana mama yangu alipoteza mali ya shilingi 3,500 kwa muda wa dakika chache tu. Yeye hufuma vitambaa vya makochi, nami humsaidia kutuma picha kwa wateja kwa simu yake. Mteja mmoja aliagiza seti nzima, ujumbe wa malipo ukaingia, nami nikatoka mbio hadi stejini kupeleka kifurushi kwenye matatu. Jioni mama alipotazama salio, lo! Hapakuwa na kitu. Kumbe ujumbe ule ulitoka kwa nambari ya mtu tu, si M-Pesa, nasi hatukuangalia. Mjanja yule simu yake imezimwa hadi leo.

Uchungu wangu ni kwamba mtihani wa Biashara nilikuwa nimeupita, tena vizuri. Kidato cha Pili tulifunzwa mawasiliano, bima na ukuzaji wa bidhaa. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia faida na hasara za matangazo ya redio. Lakini kwamba salio huangaliwa kwanza ndipo mzigo utoke, hilo sikuambiwa na mtu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa mwaka 2009. Wengi wetu tumezaliwa tukazikuta!

Kuna walimu wanaosema simu zitatuharibu. Nakubaliana nao nusu, maana nawajua wenzangu ambao wangetazama mpira tu. Siombi simu darasani. Naomba kompyuta za maabara, ambazo zimefunikwa vitambaa (vizuri kuliko makochi ya kwetu) zikingojea wageni.

Mambo ya kufunzwa ni mengi. Picha ya usiku chini ya balbu iligeuza kitambaa cha rangi ya maziwa kuwa cha manjano. Mteja akakirudisha na nauli ikawa juu yetu. Halafu huu mtindo wa "bei njoo inbox", jamani! Nani angeingia dukani ambako muuzaji ananong'ona bei? Nilipomshawishi mama aandike bei wazi, wapiga soga walipungua, wakabaki wanunuzi. Hata leja tunayofunzwa sasa ingefaa sana, kwa sababu pesa za vitambaa na pesa za unga huingia simu moja, na mwisho wa mwezi hatujui kama tumepata faida au tumekula mtaji.

Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 hatuna muda. Wadogo zetu wana mtaala wao mpya, nasi KCSE yetu ni 2027. Kwa hivyo namwomba mwalimu wetu wa Biashara atufungulie maabara Jumamosi moja tu, saa mbili hivi. Vitambaa vya kupiga picha nitaleta mimi.