Maktaba zetu zinaendeshwa kwa lugha ya stoo

Kama ningeruhusiwa kutupa muhuri mmoja katika Mto Mnyera, ningetupa ule unaogongwa REJEA. Neno lenyewe halina ubaya. Maktaba yoyote inayojiheshimu ina rafu ya vitabu vya rejea: kamusi, atlasi, ensaiklopidia. Vitabu hivyo mtu havisomi mwanzo hadi mwisho. Anafungua, anatafuta jambo lake, anarudisha. Havitoki nje kwa sababu wakati wowote anaweza kuja mwingine mwenye shida navyo. Ninachokipinga ni kukuta hadithi za watoto, kijitabu cha ufugaji nyuki na kitabu cha kilimo cha kokoa vyote vimegongwa REJEA na kufungiwa kabatini, ufunguo uko kwenye mfuko wa shati la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe amepanda pikipiki kwenda kikaoni Mlimba.

Nimefundisha shule za msingi za huku Masagati hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nilibebeshwa cheo cha mwalimu wa maktaba. Mkutubi ni mtu aliyesomea kazi hiyo, na chuo chake kiko Bagamoyo. Sisi wa vijijini tulikabidhiwa ufunguo na leja. Nayo leja ya vitabu ilikuwa ndugu wa damu wa leja ya madawati na majembe: vilivyopokelewa, vilivyopo, vilivyopungua. Mkaguzi akija anahesabu. Kikikosekana kimoja, unaandika maelezo. Katika shule moja, ambayo jina lake nabaki nalo, mwenzangu alitakiwa kulipa vitabu vilivyopotelea kwa wanafunzi. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyegusa kabati lile. Mimi simlaumu. Mshahara wa mwalimu unajulikana.

Kwa hiyo tuna vyumba vilivyoandikwa MAKTABA mlangoni, lakini ndani yake yanatumika maneno ya stoo: kupokea, kutunza, kukagua, upungufu. Maktaba ina maneno yake. Unaazima, unarudisha, unaongeza muda kama hujamaliza, unaweka oda ya kitabu ambacho mwenzako bado anacho. Liko pia neno ambalo hatukuwahi kuambiwa kwenye semina yoyote, nalo ni kuondoa. Maktaba makini popote duniani huondoa vitabu: vilivyochakaa, vilivyopitwa na wakati, na vile ambavyo wasomaji waliondoka navyo vikapotea. Vinafutwa kwenye orodha kwa utaratibu ulioandikwa, kazi inaendelea. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kwetu nimewahi kufungua boksi ambalo walioazima vitabu vyake walikuwa mchwa peke yao, na kwenye leja vyote vilisomeka "vipo".

Haikuwa hivi siku zote. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Miaka ya sabini, kisomo cha watu wazima kilipopamba moto, zikafuata maktaba za vijiji, kwa sababu mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma anasahau. Mama yangu alijulia kusoma kwenye kisomo. Aliazima vijitabu vya chakula na afya, akivifunga kwenye upindo wa khanga, na siku ya kurudisha alikwenda mapema kuliko siku ya mnada. Hakuna aliyemfundisha neno "mwanachama", lakini alikuwa mwanachama hasa. Ilipofika 1986, serikali ilitangaza kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 9.6. Hatukulinda kilichojengwa, na kwa maoni yangu lile kabati lenye kufuli limechangia.

Sasa nigeukie namba, maana ndizo zinazowatisha watu kuliko muhuri. Ukiingia maktaba ya mkoa pale Morogoro, mgongoni mwa kila kitabu utaona kijikaratasi chenye tarakimu. Nimewahi kumsikia mzazi, tena mtu mwenye elimu yake, akisema ile ni bei. Ile ni anwani ya kitabu. Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mpango huo mwaka 1876: maarifa yote yanagawanywa katika mafungu kumi, kila fungu kumi tena, na kila moja la hayo kumi tena, halafu inafuata nukta na kuendelea. Kilimo kipo 630. Mpunga, ambao ndio unaolisha bonde letu la Kilombero, ni 633.18. Miwa, ile inayosagwa kule kiwandani Kilombero, ni 633.61. Kokoa ni 633.74, nyuki 638.1, historia ya Tanzania 967.8. Mkulima akizijua tatu tu zinazomhusu, hahitaji kumwomba mtu yeyote amwoneshe rafu.

Kuna mtego mmoja, na walimu wa hesabu wa darasa la tano naomba wanisikilize. Mazao ya sukari kwa jumla ni 633.6. Mwulize mtoto kipi kinatangulia rafuni, 633.18 au 633.6; atakwambia 633.6, kwa kuwa kumi na nane ni kubwa kuliko sita. Zile ni desimali. Nukta moja nane ni ndogo kuliko nukta sita, kwa hiyo mpunga unatangulia miwa. Sijaona zoezi zuri la desimali kuliko kumkabidhi mtoto rundo la vitabu na rafu tupu.

Mpango huo wa Dewey una upendeleo wake, tusifichane. Kwenye dini, Ukristo umepewa sehemu kubwa ya fungu la 200, Uislamu ukabanwa kwenye 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, wakati fasihi za lugha za Afrika zimesukumwa pamoja kwenye 896, na Kiswahili kinajipenyeza baada ya nukta: 896.392. Inaudhi. Hata hivyo ukiijua Morogoro utaijua na Nairobi, na mimi huo naona ni msaada mkubwa kuliko ile hasira.

Mtoto wa kaka yangu analima mpunga huko bondeni. Msimu mmoja shamba lake liliingiwa na kimyanga, majani yakageuka njano. Nikamletea kitabu kinene cha mazao, akaanza ukurasa wa kwanza, historia ya mpunga duniani. Baada ya siku kadhaa akanirudishia: "Shangazi, shikamoo. Kitabu hiki ni cha wasomi, kinanishinda." Nikamwambia akifungue nyuma, si mbele. Pale nyuma pana faharasa: orodha ya mambo yote kwa alfabeti, na mbele ya kila jambo kurasa zake. Tukatafuta "magonjwa ya mpunga", tukapata kurasa nne. Alizisoma hapohapo barazani akiwa amesimama. Yaliyomo, kule mbele, yanakupa mpangilio wa sura. Faharasa inakupeleka moja kwa moja kwenye shida yako. Tunawafundisha watoto insha za aina zote, lakini sikumbuki muhtasari ulionitaka nitumie kipindi kizima kwa faharasa.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kufuli ni uonevu. Mwaka 1935 kilichapwa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, cha afisa wa kikoloni A. T. Culwick na mkewe, chenye sura iliyoandikwa na Mtema (yaani chifu) Towegale Kiwanga. Kinawahusu Wabena wa bonde hili, yaani babu zetu. Vitabu vya namna hiyo, vikongwe na adimu, huwekwa kwenye mkusanyo maalumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wake wa Afrika Mashariki. Hapo hupewi uende nacho nyumbani, na ni sawa. Unaomba, unasomea humo ndani, ukiruhusiwa unatoa nakala ya kurasa. Kijana wa Masagati anayetafuta asili ya ukoo wake akijua kuulizia "mkusanyo maalumu" atahudumiwa. Asipojua atatazama rafu za wazi, ataambiwa hakuna, atarudi Mlimba na treni ya TAZARA mikono mitupu.

Halmashauri ya Mlimba ikipata tena vitabu vya kugawa, naomba mambo mawili. Mkurugenzi aandike waraka unaotaja ni vitabu vingapi shule inaruhusiwa kupoteza kwa mwaka bila mwalimu kudaiwa. Hata vitano katika kila mia mimi nitashukuru. Na daftari la kuazima litoke ofisini likabidhiwe wanafunzi wa darasa la sita. Wao wanajua nani anaishi kitongoji gani, nani ana mdogo mwenye tabia ya kuchana karatasi, na nani amemaliza kitabu juzi ila anaona aibu kuomba kingine.