Urefu Haukuongezeka

Hartford, Connecticut

Ndugu zangu wa nyumbani,

Kila ifikapo mwezi wa tatu, vyuo vya Marekani vinapoingia kwenye mtoano wa mpira wa kikapu, jina la Hasheem Thabeet hurudi midomoni mwa Watanzania, na karibu kila mara hurudi na sentensi ileile: alichaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, halafu akapotea. Wengine huisema kwa masikitiko, wengine kwa kejeli, na kijiwe hufungwa hapo. Siandiki kumtetea Hasheem. Hajaniomba niwe wakili wake. Naandika kwa sababu nadhani tumeng'ang'ania ukurasa usiotusaidia. Kabla ya usiku ule wa kuchaguliwa kulikuwa na msimu mzima, wa 2008–09, ambao timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn kwa kifupi, ilishinda mechi 31 na kufungwa 5. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa katikati ya timu ile. Swali ambalo hatujaliuliza vizuri ni nini hasa kilichomfikisha pale, kwa maana jibu tulilojipa, kwamba alikuwa mrefu, limetupotosha kwa miaka mingi.

Tazameni hesabu zake za misimu mitatu. Alipoanza mwaka 2006, UConn ilishinda mechi 17 ikafungwa 14, na ikakosa kabisa nafasi kwenye mtoano wa taifa. Hasheem, mwenye mita 2.21, alipata wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4 kwa mechi. Msimu wa pili timu ilishinda 24 na kufungwa 9. Yeye akapanda hadi pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Wa tatu ndio ule wa 31 kwa 5, naye akamaliza na pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Sasa angalieni mitupo ya wapinzani aliyoizima, kazi ambayo urefu huisaidia kuliko nyingine zote: 3.8 mwaka wa kwanza, 4.5 wa pili, 4.2 wa tatu. Hapo hapakusogea kitu cha maana. Alichokuja nacho kutoka nyumbani alikuwa nacho tangu siku ya kwanza, na timu yenye kitu hicho ilifungwa mara 14. Kilichokua ni yale yanayofundishwa: kujua pa kusimama kabla mpira haujagonga ubao, kupokea pasi akiwa na beki mgongoni, kukaa uwanjani bila kumaliza faulo zake. Mambo hayo hayana njia ya mkato, hasa kwa kijana aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15.

Mwenye shaka na aitazame mechi ya Februari 2009 dhidi ya Pittsburgh. UConn walikuwa namba moja nchini. Mbele ya Hasheem alisimama DeJuan Blair, mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi, kipande cha mtu, aliyejua kutumia nyonga na mabega yake kama fundi anavyotumia patasi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem aliambulia pointi 5 na ribaundi 4. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, Big East, na nadhani ligi ilipima sawasawa. Kama urefu ungekuwa ndio mchezo wenyewe, mechi ile isingechezwa. Tungepima watu kwa futi kamba, tukagawa vikombe, tukarudi nyumbani.

Tena Hasheem hakuwa peke yake katika kusubiriwa. Mwongozaji wa timu ile, A.J. Price, hakucheza hata mechi moja katika miaka yake miwili ya kwanza chuoni: mwaka wa kwanza mshipa wa ubongo ulivuja damu, nusura afe, wa pili alisimamishwa kwa kosa la nidhamu. Aliporudi akaanza kushika kasi, goti likakatika ligamenti kwenye mtoano wa 2008. Timu inayotafuta mavuno ya mwaka mmoja ingeshamwacha mara tatu. Mwaka 2009 ndiye aliyekuwa nahodha wa fikra zote za timu na mfungaji wake mkubwa. Jeff Adrien na Craig Austrie walikuwa mwaka wa nne. Kwenye benchi alikaa kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, Kemba Walker, aliyeingia dhidi ya Missouri na kufunga pointi 23 katika mechi iliyowapeleka nusu fainali ya taifa. Miaka miwili baadaye, akiwa naye kwenye msimu wake wa tatu, Walker aliipa UConn ubingwa wa 2011. Mnaona namba tatu inavyojirudia.

Na kuna dalili nyingine kwamba chanzo kilikuwa nyumba nzima, wala si mtu mmoja. Mtoano ulipoanza, kocha Jim Calhoun alilazwa hospitalini kwa kuishiwa maji mwilini. Msaidizi wake, George Blaney, akaongoza timu, na Chattanooga wakafungwa 103 kwa 47. Katika kampasi hiyohiyo ya Storrs, kamji kadogo kenye mashamba pembeni, timu ya wanawake ya Geno Auriemma ilishinda mechi zake zote 39 msimu huo, kila moja kwa tofauti ya pointi kumi au zaidi, ikachukua ubingwa. Hatuwataji wanawake hao kwa sababu hapakuwa na Mtanzania kati yao, lakini wao ndio ushahidi mkubwa kuliko wote: mahali pale palikuwa na utaratibu wa kutengeneza wachezaji, na Hasheem alipitia humo.

Najua mtakalosema kwanza: mafanikio gani, na kombe hawakulichukua? Kweli, tarehe 4 Aprili 2009 pale Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, Michigan State waliwatoa kwa 82 kwa 73. Lakini fuatilieni lini timu ile ilianza kuvuja. Hadi mlinzi wao Jerome Dyson alipoumia goti katikati ya Februari, walikuwa wamefungwa mechi moja tu. Nne zilizobaki zote zilikuja baada ya hapo, mojawapo ikiwa ile ya Syracuse kwenye Madison Square Garden, iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza, ikaanza usiku wa Machi 12 na kuisha usiku wa manane, tayari ikiwa tarehe 13, kwa 127 kwa 117. Timu iliyopoteza mlinzi wake wa kutegemewa na bado ikafika nne bora kati ya vyuo zaidi ya 330 haihitaji kuombewa radhi. Tatizo ni letu, tuliozoea kuamini kwamba asiye na kombe hakucheza.

La pili ni zito zaidi. Mtaniambia kwamba chuo ni ngazi tu, na ngazi hupimwa kwa ghorofa inakokupeleka. Memphis Grizzlies walimchukua, na kufikia Februari 2010 walikuwa wamemshusha kwenda Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, jambo ambalo halijawahi kumpata aliyechaguliwa juu kiasi kile kabla yake. Sikatai. Ila hesabu ya ngazi hiyo ni ya kujidanganya. Kila chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kufadhili hadi wachezaji 13. Zidisheni kwa vyuo 330, ni zaidi ya vijana 4,000. Usiku ule wa kuchaguliwa majina yalikuwa 60, na baadhi yalitoka Ulaya na kwingineko. Ukisema anayekosa NBA kafeli, umewafelisha karibu wote, wakiwamo waliotoka pale na shahada wakawa wahandisi na walimu. Zaidi ya hayo, kilichotokea Memphis kinanipa mimi hoja, hakiwapi ninyi. UConn walimpa mchezaji aliyechelewa kuanza misimu mitatu ya kukosea hadharani. Memphis hawakumpa hata mmoja mzima. Walikuwa wamenunua urefu, nao urefu ukafika kama ulivyoagizwa. Sidai kwamba subira ingemfanya nyota. Huenda mikono yake isingekuwa ya ligi ile hata wangemngoja miaka kumi. Ninachodai ni kwamba mahali alipongojwa alikua, na mahali ambapo hakungojwa aliganda, na hizo ndizo takwimu tulizo nazo.

Wengine watanitajia Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, mrefu karibu kama Hasheem. Alikaa Duke msimu mmoja tu, wa 2024–25, timu ikashinda mechi 35 na kufungwa 4, akaondoka akachaguliwa wa kumi. Subira iko wapi? Iko Senegal. Kabla ya Duke alikaa kwenye akademia ya NBA pale Saly, akacheza Ligi ya Kikapu Afrika katika timu kadhaa, wakiwamo City Oilers wa Kampala, akavaa jezi ya taifa lake kwenye Olimpiki ya Paris. Miaka aliyoipata Hasheem Connecticut, Maluach aliipata barani kwake, kabla hajapanda ndege ya Marekani. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko nafasi aliyochaguliwa.

Kuhusu uchafu wa michezo ya vyuo sitazunguka. Mwaka 2009 Calhoun alilipwa dola milioni 1.6, akiwa mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote katika jimbo hili, na mwandishi mmoja alipomuuliza kuhusu mshahara huo wakati bajeti ya jimbo imetoboka, kocha aliwaka hadharani. Wachezaji walipata ada, chakula na malazi, bila ujira. Katikati ya mtoano zikafichuka habari za ukiukaji wa taratibu katika kumsajili kijana mmoja ambaye hakuwahi kuichezea timu, na mwaka 2011 chuo na kocha wakaadhibiwa. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina yao, lakini wageni wenye viza ya mwanafunzi bado wamebanwa, kwa hiyo kijana wetu akija leo huenda akakaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na matajiri yeye akiwa hana kitu. Mzazi anapaswa kuyajua haya kabla ya kusaini chochote. Hayabatilishi hoja yangu, yanaisogeza: kama njia ya huku ina miiba kiasi hiki, kwa nini tuendelee kuiona kuwa mahali pekee ambapo mchezaji anaweza kukua?

Hapo ndipo mtanijibu kwa neno moja, pesa, na mtakuwa sahihi nusu. Ukumbi wa Gampel wenye viti takriban elfu kumi hatutaujenga kesho. Lakini tenganisheni kilichong'aa na kilichofanya kazi. Kanuni za vyuo huku haziruhusu zaidi ya saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Si muujiza, ni ratiba inayofuatwa. Sisi wenyewe tumewahi kuwa na mfano wake. Makongo, shule ya jeshi aliyosoma Hasheem, ilipata jina chini ya Kanali Idd Kipingu kwa sababu michezo pale ilikuwa na saa zake kama hesabu na Kiswahili. Dar es Salaam ina Savio, Pazi, Vijana na JKT, ina viwanja vya Don Bosco, ina makocha wanaofundisha jioni baada ya kazi zao. Kinachokosekana ni mwaka mzima wa mechi kwa mwanafunzi. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hukusanya vijana katikati ya mwaka, wakatamba siku chache, wakarudi madarasani, na kipaji kikasubiri mwaka mwingine, au kikasubiri mgeni mwenye kadi ya shule ya Marekani mkononi. Shule nane za mkoa mmoja zikikutana kila Jumamosi, nyumbani na ugenini, kila moja inapata mechi 14. Nauli ya daladala na filimbi. Anayesema hilo haliwezekani atuambie ni kipengele gani cha bajeti kinachomshinda.

Jumlisheni misimu mitatu ya Storrs: 31, halafu 33, halafu 36. Ni mechi 100 kamili za timu ile tangu Hasheem alipoingia akiwa kijana anayejifunza mpaka alipotoka akiwa mchezaji bora wa ligi. Mtakapomwona tena mtoto mrefu kituoni Mwenge au sokoni Kahama, kabla ya kumpigia simu mjomba aliyeko Marekani, naomba mniandikie idadi moja: amecheza mechi ngapi mwaka huu?

Ndugu yenu wa ughaibuni