Bwana Naye Apimwe

Nyumba ikikosa mtoto, lawama humwendea mke. Mawifi husema wazi, mama mkwe hununa, na bibi wa watu hutembezwa kwa mganga huyu na hospitali ile mpaka apewe talaka au aletewe mke mwenza. Bwana mwenyewe hajapimwa hata mara moja. Sisi twasema hiyo ni dhuluma, tena dhuluma isiyomletea bwana huyo mtoto anayemtaka.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2023 kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila sita hupatwa na tatizo la uzazi maishani mwake. Na madaktari wanakubaliana kuwa karibu nusu ya ndoa zilizokosa mtoto, kasoro imo kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Kosa kubwa ni kuchanganya nguvu na mbegu. Mwanamume aweza kuwa na nguvu tele, na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Jambo hilo halionekani ila kwa hadubini. Na kipimo chake ni chepesi kuliko vingi anavyopitishwa mkewe: bwana hujizuia siku mbili hadi saba, kisha hutoa shahawa katika kichupa safi, zikatazamwa idadi, mwendo na umbo la mbegu. Matokeo yakiwa mabaya kipimo hurudiwa, kwani mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, na homa kali iliyokwisha pita yaweza kuzipunguza.

Hapo ndipo sababu hutafutwa. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba mirija; matumbwitumbwi ya ukubwani huweza kudhuru korodani; mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani huweza kufungwa kwa upasuaji. Nao vijana wanaojidunga homoni za kiume ili watunishe misuli wajue kuwa sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu.

Hata mbegu zikiwa chache mno, njia ipo. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuitia mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Bei ya tiba hiyo ni mzigo mzito kwa mtu wa kawaida, wala hatulifichi. Lakini kipimo cha kwanza chataka hadubini na mtaalamu aliyefundishwa tu, nasi twataka kukiona katika kila hospitali ya wilaya.