Bima ya Mzee Isomwe kwa Lugha ya Mzee

Walimu wengi wenye wazazi wakongwe hukosa usingizi kwa ajili ya gharama za matibabu. Hapa Keringet, katika nyanda za juu za Kuresoi Kusini, wazee waliolima viazi, pareto na majani chai ili tusome sasa wanahitaji dawa za shinikizo la damu na kisukari kila mwezi. Mawakala wa bima nao wamelitambua hilo. Hutujia na karatasi za kupendeza na kutuahidi kuwa, tukiongeza kiasi fulani cha pesa, mzazi atatibiwa bila taabu. Rai yangu ni kwamba tusitie sahihi kabla ya kusoma, na tena tusisome peke yetu. Mzee mwenyewe asomewe kwa lugha anayoielewa.

Tuanze na neno lenyewe. Nyongeza hutokana na kuongeza, na hakuna kuongeza pasipo kitu cha kuongezewa. Msingi wetu ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Kwa sheria hiyo, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya ile hazina ya bima ya hospitali iliyoundwa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake, akalipa kwa mwaka mzima, na mchango wake haupungui shilingi 300 kwa mwezi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni hili: mchango wa mwalimu humfaa yeye, mwenzi wake na watoto wake. Baba na mama ni kaya nyingine. Kwa hivyo, kabla ya kumsikiliza wakala yeyote, hakikisha mzazi amesajiliwa na mchango wake wa mwaka umelipwa. Kumnunulia nyongeza ilhali msingi haupo ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Msingi ukishakuwa imara, ndipo tuulize pengo liko wapi. Je, ni dawa za kila mwezi? Ni miwani na meno? Au ni tofauti baina ya kiasi kinacholipwa na Mamlaka na kile kinachotozwa na hospitali ya kibinafsi? Nyongeza isiyoziba pengo la mzee huyu hasa ni hasara tupu, hata ikiwa rahisi.

Kisha yasomwe masharti. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60, na Katiba yetu, katika kifungu cha 260, humhesabu aliyepita umri huo kuwa mzee. Bima ya mwajiri aghalabu hukoma ajira inapokoma. Waama, ni katika miaka hiyo hiyo ambapo kampuni nyingi za bima huanza kufunga mlango kwa wanaojiunga upya, au huuacha wazi kwa ada kubwa zaidi, baada ya uchunguzi wa daktari. Mna pia muda wa kungoja kabla ya fidia kuanza, na kikomo cha malipo kwa mwaka.

Wakati mmoja niliombwa na wazee kadha kuwafasiria mkataba wa namna hiyo, ulioandikwa kwa Kiingereza kigumu. Nilipofika kwenye sharti la maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa umri wangu, ni maradhi gani ambayo hayakuwapo kabla?" Sikuwa na jibu. Swali lake lilikuwa limeuchambua mkataba kuliko wakala aliyeuleta.

Wenzetu wa Marekani walikutana na shida kama hiyo. Wazee wao wana bima ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na wengi hununua nyongeza. Nyongeza hizo zilikuwa nyingi na za kutatanisha, hata sheria ya mwaka 1990 ikaamuru ziwe za aina chache zenye kutambulishwa kwa herufi. Karibu majimbo yote yalifuata utaratibu huo. Herufi moja ina manufaa yale yale ya msingi katika kila kampuni, kwa hivyo mnunuzi anaweza kulinganisha bei bila kutatizwa na maneno.

Sisi je? Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha rasmi, na kifungu cha 46 champa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi alichonunua. Mamlaka inayosimamia bima iamuru basi kila mkataba wa wazee uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wenye mpangilio mmoja kwa kampuni zote: umri, muda wa kungoja, kisicholipwa, kikomo na ada.

Yamkini wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hilo halina mashiko. Neno bima lenyewe lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na leo hakuna anayelishangaa.

Nanyi walimu na wanafunzi, msingoje amri. Likizo ijayo, ombeni mkataba wa mzazi au wa babu, mketi naye, mfasiri sharti moja moja, naye aulize. Asiporidhika na jibu la wakala, kalamu na ibaki mfukoni.